Picha ya Kale au Rimeki ya Mzaha? Hesabu ya Jumamosi Juu ya Paa, Kibokoni, Mombasa

Tikiti maji lilikuwa limekatwa mapande mapande, limepangwa kwenye sinia, na ni mimi niliyelibeba kutoka Marikiti jua likitua. Kwenye shuka jeupe tulilolitundika ukutani, Child's Play ya 2019 ilikuwa imefika pale ambapo mtoto Andy anagundua kwamba mwanasesere wake amemletea zawadi: uso wa mpenzi wa mama yake, umechunwa na kuvishwa tikiti. Andy hajui pa kulificha. Analifunga karatasi ya zawadi, mama yake anamfumania nalo, na mtoto kwa kubabaika anasema ni la yule bibi jirani. Basi tikiti likapelekwa kwa bibi, bibi akashukuru, akalipokea kwa mikono miwili.

Mikono iliyokuwa ikielekea kwenye sinia letu ikasita. Vijana wakaangua kicheko. Mama mdogo akasema, "Mwacheka nini nyinyi? Mtu amechunwa!" kisha naye akaficha mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Ami peke yake hakucheka wala hakukasirika. Alikunywa kahawa yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Sauti si yake huyu." Kwake yeye picha ilikwisha pale pale.

Tangu usiku ule nimekuwa mwangalifu. Sisi huangalia picha kila Jumamosi baada ya isha, juu ya paa la nyumba ya Ami, projekta imekalia kreti ya soda na spika imefungwa kamba upepo usiiangushe. Watazamaji wetu ni mchanganyiko: vijana wa kidato cha nne, mama mdogo na shoga zake, binamu yangu anayetengeneza simu, majirani wawili watatu, na Ami mwenyewe, ambaye ujana wake aliumaliza Regal, Naaz na Majestic, na zilipokuja kanda za video akahamia vibandani Majengo. Wanaopenda picha za kutisha ni wengi. Wanaopenda kutishwa ni wachache. Kwa hiyo kila wiki swali ni moja: tuweke ile ya asili, au tuweke rimeki, yaani iliyotengenezwa upya, na kutiwa mzaha? Hapa chini ni jozi tulizozijaribu, na nani alibaki hadi mwisho na nani alishuka ngazi mapema.

Kabla sijaingia kwenye jozi zenyewe, nieleze kipimo changu. Kucheka na kifo hatukufundishwa na Hollywood. Aliyewahi kuona watani msibani, hasa kwa ndugu zetu wa Tanzania, ajua: watu wanalia, mtani anaingia, anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anadai deni lake kwa maiti, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Lakini si kila mtu ni mtani. Mpita njia akijaribu hayo hayo atatolewa kwa bakora. Nami nimeona kwamba mashabiki wa picha za kutisha, wa hapa na wa huko Marekani, hukasirika kwa sababu hiyo hiyo. Mzaha wenyewe hauwaudhi. Wanachouliza ni huyu anayefanya mzaha ni nani wetu.

Tuanze na Chucky, yule mwanasesere wa Child's Play, maana ndiye aliyeniharibia tikiti.

Ile ya 1988, iliyoongozwa na Tom Holland kutokana na hadithi ya Don Mancini, inaanza na muuaji Charles Lee Ray kupigwa risasi ndani ya duka la vitu vya watoto. Anasoma maneno yake ya kichawi na kuihamishia roho yake ndani ya mwanasesere. Mtu wa Mombasa hahitaji maelezo zaidi. Pepo amepata kiti, na kiti ni mwanasesere. Kilichobaki ni kumuuliza ataka nini. Sauti ni ya Brad Dourif, sauti ya mtu mzima mwenye hasira aliyefungiwa ndani ya kitu kidogo cha plastiki, na humo ndimo mnamochekesha na kutisha kwa pamoja. Anatukana kama makanga aliyenyimwa nauli.

Ya 2019, chini ya Lars Klevberg, imemtoa pepo. Mwanasesere ni bidhaa ya kampuni iitwayo Kaslan, anaweza kuwasha televisheni na kuendesha vifaa vyote vya kampuni hiyo, hata gari. Huko kiwandani Vietnam, mfanyakazi aliyedhalilishwa na kufutwa kazi anamwondolea mwanasesere mmoja vizuizi vyote vya usalama kabla ya kujiua. Chucky huyu hana ubaya wa kuzaliwa nao, ana utiifu uliopita kiasi. Paka amempara Andy? Basi paka hana siku nyingi. Binamu yangu, anayeshinda na simu zilizofunguliwa matumbo mezani, alisema hii ndiyo inayotisha kweli, kwa sababu pepo unaweza kumpunga lakini simu inayokusikiliza umeinunua mwenyewe.

Kuna tukio moja ambalo, kwa anayejali mambo haya ya rimeki, latosha kwa picha nzima. Andy na wenzake wanaangalia The Texas Chainsaw Massacre 2 na kucheka kila mtu anapochinjwa. Chucky haangalii televisheni, anaangalia nyuso zao. Anahesabu: mtu akichomwa kisu, Andy anafurahi. Anainuka, anachukua kisu cha jikoni. Na hiyo picha wanayoiangalia yenyewe ni ya 1986, ambayo Tobe Hooper aliitia mzaha mzito kuliko ile yake ya 1974, na baadhi ya waliompenda kwa ile ya kwanza walinuna. Yaani rimeki ya mzaha inawaonyesha watoto wakicheka mzaha, na kicheko chao ndicho kinachompa kisu mkononi. Aliyeandika hayo alijua anachezea nini.

Mbona basi mashabiki waligawanyika? Nenda nyuma ya pazia. Haki za picha ya kwanza zilikuwa kwa MGM, zile za mwendelezo zikawa kwingine, kwa hiyo MGM iliweza kutengeneza upya bila mwenye hadithi. Mancini alikataa jina lake liwekwe miongoni mwa watayarishaji. Wakati huo alikuwa akiandaa mfululizo wake wa televisheni wa Chucky, uliotoka 2021, na sauti humo ni ile ile ya Dourif. Katika ya 2019 sauti ni ya Mark Hamill, yule wa Star Wars, na wamemchezea humo humo: Andy anataka mwanasesere aitwe Han Solo, shujaa wa Star Wars hiyo hiyo, mwenyewe anasikia Chucky. Mzaha mzuri. Lakini kwa mashabiki wa zamani ilikuwa kama kumwita imamu mwingine akaswalishe ilhali imamu wa msikiti amekaa safu ya kwanza.

Msidhani walikasirika kwa sababu hawapendi kucheka. Mancini mwenyewe ndiye aliyeandika Bride of Chucky ya 1998, ambamo mwanasesere anaoa, na Seed of Chucky ya 2004, ambamo wana mtoto na malumbano ya ndoa yanazidi mauaji. Waliomfuata huko kote walicheka naye. Ni mtani wao.

Uamuzi wangu: kama wageni wako hawana historia na Chucky, weka ya 2019, ni dakika 90 tu na haichoshi. Kama kuna hata mmoja aliyemjua kwenye kanda ya video, weka ya 1988. Ami aliniambia wiki iliyofuata, bila ya kuulizwa, "Wangemwita jina jingine, ningeitizama." Nadhani hukumu ya mashabiki wengi duniani ni hiyo hiyo, ila wao hawakuisema kwa upole.

Jozi ya pili ndiyo iliyotugombanisha zaidi, na haina uhusiano wowote na Marekani. Mombasa picha ya Kihindi si ngeni. Kuna watu hapa wanaoimba nyimbo zake mwanzo hadi mwisho bila kujua neno moja lina maana gani. Wote juu ya paa waliijua Bhool Bhulaiyaa ya 2007, ya Akshay Kumar na Vidya Balan. Wachache walijua kwamba ina mama: Manichitrathazhu, ya 1993, ya lugha ya Kimalayalam kutoka Kerala, iliyoongozwa na Fazil.

Hadithi ni moja. Mume na mke wanahamia jumba la ukoo lenye chumba kilichofungwa tangu zamani, mke anakifungua, na yanaanza ya kuanza. Mnenguaji aliyeuawa enzi za mababu anasemekana kurudi. Anaitwa daktari, rafiki wa mume, naye ana jibu la kitabibu kwa kile ambacho nyumba nzima inakiita pepo. Kwetu sisi hadithi ya aina hii inakaa jirani sana na maisha. Kila mtaa una nyumba ambayo chumba chake cha mwisho hakipangishwi.

Niliweka zote mbili, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya tukio moja tu: la kitanda. Katika ya 1993 mke, Shobana, anajitayarisha kutoka. Mume anamkataza. Anauliza kwa upole, kama mke yeyote, kwani hutaniacha niende? Halafu anauliza tena, na mara hii macho si yake. Sauti inashuka, inatoka mahali pengine, anainama, anashika kitanda kizito cha mbao na kukiinua kwa mkono mmoja. Hakuna muziki wa kukushtua, hakuna damu. Juu ya paa ilisikika spika ikitetemeka na mlio wa tuktuk barabarani. Shobana alipewa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi hii, na Kerala hadi leo kumlinganisha na mtu ni kutafuta ugomvi.

Vidya Balan anafanya tukio hilo hilo 2007 na analifanya vizuri sana. Tofauti ni kinachozunguka. Wengi husema ya Fazil ni ya kutisha na ya Kihindi ni ya kuchekesha, na hilo si kweli. Ya Fazil imejaa vichekesho: wajomba wanaoogopa giza, wanaokimbizana na vivuli vyao. Ila kila kicheko kinawahusu wanaoogopa. Mwenyewe mwenye kuogopwa hakuna anayemgusa. Katika ya Kihindi, Paresh Rawal, Rajpal Yadav na Asrani wamepewa uwanja mpana, na kuna nyakati vichekesho vinajisahau kama mgeni aliyekaa hadi wenyeji wanaanza kupiga miayo. Lakini picha inapofika kwenye ngoma ya mwisho, ule wimbo wa Kibengali na Kihindi unaoanza "Ami je tomar", mzaha wote unatoka nje kwa adabu. (Ami kwa Kibengali ni mimi. Ami wetu aliposikia akainua kichwa akidhani anaitwa.)

Na mashabiki? Rimeki hii walau haikufukuzwa, na hapa kipimo changu cha utani kilinipa raha. Priyadarshan, aliyeiongoza ya Kihindi, alikuwa mmoja wa waongozaji wasaidizi waliompigia Fazil baadhi ya sehemu za ile ya 1993. Ni mtu wa nyumba ile ile. Hadithi hiyo ilitengenezwa upya pia kwa Kikannada mwaka 2004 na kwa Kitamil mwaka 2005, ile ya Rajinikanth iitwayo Chandramukhi, iliyokaa zaidi ya siku 800 katika jumba moja la sinema Chennai. Wapo wanaoshikilia kwamba hiyo ndiyo bora ya zote. Mama mdogo hajawahi kuiona na tayari anaitetea, kwa sababu ya Rajinikanth tu.

Kuchagua ni rahisi. Kukiwa na harusi wiki hiyo, nyumba imejaa wageni kutoka Lamu na Malindi, watoto wanapita mbele ya projekta na watu wanaongea, weka ya 2007. Wakiwa watu wachache wanaoweza kunyamaza na kusoma maandishi chini ya picha, weka ya 1993. Zote zinapita saa mbili na nusu, kwa hiyo kahawa iwe nyingi.

Sasa niwe mkweli, kipimo changu kina mguu mmoja mfupi. Raghava Lawrence aliongoza na kuigiza Kanchana kwa Kitamil mwaka 2011, picha ya mtu muoga aliyeingiwa na roho yenye kisasi, na watu wakaipenda. Mwaka 2020 akaiongoza mwenyewe tena kwa Kihindi, akampa Akshay Kumar nafasi yake, ikaitwa Laxmii, ikatoka moja kwa moja kwenye intaneti wakati wa korona. Ilishambuliwa vibaya sana. Mwenye nyumba ndiye aliyetania nyumbani kwake, na bado wafiwa hawakucheka. Nimeiangalia nusu. Kila mtu anapiga kelele, na huwezi kucheka na woga wa mtu ambaye huamini kwamba anaogopa. Aliyesalimika ni Sharad Kelkar, aliyecheza yule marehemu mwenyewe kwa dakika chache bila mzaha wowote. Usiiweke. Kanchana weka.

Fright Night inanikaa moyoni kwa sababu ya neno moja: karibu.

Sheria ya mnyonya damu ni kwamba hawezi kuingia nyumbani mpaka akaribishwe. Yaani kiumbe mbaya kuliko wote duniani, na bado anapiga hodi. Pwani tumekwisha kabla hatujaanza, maana sisi mtu akisema hodi tunajibu karibu kutoka jikoni bila kumwona. Katika ya 1985, ya Tom Holland yule yule wa Chucky, kijana Charley anajua jirani yake mpya ni mnyonya damu na hakuna anayemwamini. Siku moja anamkuta jirani amekaa kitini sebuleni: mama amemkaribisha. Tabasamu la Chris Sarandon pale ni la mkwe mtarajiwa. Mama mdogo aligonga goti lake, "Wallahi hivyo ndivyo wanavyoingia."

Rimeki ya 2011, ya Craig Gillespie, imehamishia mambo kwenye mtaa wa nje ya Las Vegas, na jirani ni Colin Farrell. Huyu hana subira na sheria. Anaponyimwa karibu, anachimba uani, anang'oa bomba la gesi, anawasha moto. Nyumba isipokuwapo, hodi ya nini? Huo ndio mzaha bora wa picha nzima, na haukuvunja sheria ya zamani hata kidogo. Umeitii kupita kiasi.

Palipopungua ni kwa Peter Vincent. 1985, Roddy McDowall anacheza mzee anayetangaza picha za kutisha kwenye televisheni, muoga, amefutwa kazi, hana kodi ya nyumba, na ndiye huyo huyo anayetakiwa kuua mnyonya damu wa kweli. Unamcheka na unamhurumia katika pumzi moja. 2011, David Tennant ni mwanamazingaombwe tajiri wa Las Vegas, mlevi, anachekesha kwa maneno, lakini huna wasiwasi naye. Wachambuzi waliipokea vizuri, sinema hazikujaa, na mashabiki wa zamani waliikubali shingo upande. Wamemweka Sarandon mwenyewe humo kwa dakika moja, kama anayepita kutoa salamu, na hilo liliwapoza wengi. Mimi naona ya 2011 ni rimeki nzuri kuliko sifa zake, na bado naiweka ya 1985. Sababu ni kitini pale sebuleni.

Evil Dead inakwenda kinyume na nyingine zote. Sam Raimi alitoa ya kwanza 1981, vijana watano kwenye kibanda msituni, fedha kidogo, damu nyingi, na haikukusudiwa sana kuchekesha. Mwaka 1987 akatoa ya pili, ambayo dakika zake za mwanzo zinaisimulia upya ya kwanza kwa haraka, kisha inageuka vituko. Mkono wa Ash, ambaye ni Bruce Campbell, unaingiwa na shetani na kuanza kumpiga mwenyewe kwa sahani. Anaukata kwa msumeno wa injini, anaufunika kwa ndoo, juu ya ndoo anaweka vitabu visaidie uzito, na cha juu kabisa ni kile cha Hemingway ambacho jina lake kwa Kiingereza laweza kusomeka Kwaheri ya Silaha au Kwaheri ya Mikono. Vijana wetu waliicheka hiyo mpaka jirani wa nyumba ya pili akapiga mluzi.

Halafu 2013 Fede Álvarez, Mruguai, akaitengeneza upya akiwa ameufuta mzaha wote. Msichana ameletwa kibandani ili aachane na dawa za kulevya, na anapoanza kuona mambo, wenzake wanadhani ni arosto tu. Hapa Mombasa wazo hilo halichekeshi hata kidogo. Kila ukoo una kijana wake. Ni picha kali na yenye akili, na mashabiki waliokuja kutafuta sahani na ndoo walitoka wakilalamika kwamba kicheko kimeibiwa. Raimi na Campbell wenyewe walikuwa miongoni mwa watayarishaji, na Campbell anajitokeza mwishoni kabisa, baada ya majina, kwa sekunde chache, na watu waliripuka kwa makofi kana kwamba ndicho walichokatia tiketi. Basi utaona kwamba shabiki aliyezoea kuchekeshwa hudai kicheko chake kama deni. Kuchagua: ya 1987 kwa watu wote wazima, ya 2013 kwa wenye nyongo ngumu, na si kwa nyumba yenye mgonjwa wa unga.

Little Shop of Horrors naileta kwa ajili ya mwisho wake tu. Roger Corman aliipiga ile ya 1960 kwa siku mbili na ushei, kuhusu kijana wa duka la maua mwenye mmea unaokula watu. Frank Oz akaifanya upya 1986 kama picha ya nyimbo, kutokana na mchezo wa jukwaani. Kwenye mchezo huo kijana na mpenzi wake wanaliwa, na Oz akapiga mwisho huo huo: mimea mikubwa kama majengo inaiteka New York, kazi ya vijumba vidogo iliyogharimu mamilioni ya dola. Wakaionyesha kwa watazamaji wa majaribio. Watu waliimba na kupiga makofi hadi wapenzi walipokufa, kisha ukimya wa makaburini. Mwisho ukapigwa upya, wapenzi wakapona. Oz alieleza vizuri: jukwaani aliyeliwa hurudi kuinamisha kichwa mbele ya watu na wewe unampigia makofi, kwenye sinema aliyekufa amekufa. Mwisho wa asili ulikaa kabatini hadi ulipotolewa rasmi 2012, na leo mashabiki wengi wanaupenda huo zaidi. Sisi tuliweka wa furaha, kwa kura. Nilishindwa.

Mbili za kupitia haraka. Young Frankenstein ya Mel Brooks, 1974: si rimeki kamili bali utani juu ya zile za miaka ya 1930, imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mitambo ya maabara ni ile ile halisi iliyotumika kwenye Frankenstein ya 1931. Mtu anayekwenda kuazima mitambo ya marehemu ili amtanie ni mtani wa damu. Hakuna aliyewahi kuichukia juu ya paa letu. Na The Wicker Man ya 2006, ya Nicolas Cage: ile ya 1973 ni ya kugandisha damu, hii mpya inachekesha kuanzia Cage anapovaa vazi la dubu na kumtwanga mwanamke ngumi. Kama walikusudia au hawakukusudia, watu bado wanabishana. Iweke usiku ambao umeme unasumbua, hutapoteza kitu.

Kuna rimeki moja ambayo haimo kwenye orodha yoyote. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanawajua wasimulizi kama DJ Afro, wanaoweka sauti yao ya Kiswahili na Sheng juu ya picha ya kigeni, na jambazi wa Hong Kong akajikuta ana jina la mtaani na deni la duka. Usiku mmoja spika ilikufa katikati ya Fright Night, na binamu yangu akaanza kusimulia mwenyewe. Mnyonya damu akawa mpangishaji wa nyumba kutoka ng'ambo ya Likoni aliyekuja kudai kodi. Watu walicheka hadi kahawa ikamwagika. Lakini Charley alipomkuta sebuleni, binamu yangu alinyamaza, hakuambiwa na mtu. Alisubiri tukio lipite, ndipo akaendelea. Sijaona rimeki nyingi zenye heshima hiyo.

Jumamosi hii, basi, ni Fright Night ya 1985, kwa ombi la mama mdogo. Inayofuata ni Chucky wa 1988, sauti ikiwa yake. Viazi karai vitakuwapo, kahawa na kashata pia. Tikiti sikati tena.